Picha Iliyobaki Ukutani

"Ifahamike kwa wapenzi wote wa sanaa, waliopo na watakaozaliwa, kwamba Ijumaa hii, mara baada ya chakula cha jioni, Chama Kitukufu cha Sanaa cha Shule ya Bweni ya Havremark kitagawa hazina zake za mwaka. Wasiojua uzuri wa maisha wabaki vyumbani wakikunja soksi."

Tangazo hili lilibandikwa na katibu wa chama, Villads Krogh, upande wa ndani wa mlango wa choo cha wavulana, kwa hoja kwamba hapo ndipo mahali pekee shuleni ambapo mtu hutulia na kusoma kitu hadi mwisho. Katibu mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwa na mapenzi yoyote na sanaa. Cheo alikipata kwa utaratibu unaofahamika katika vyama vyote vya Denmark: siku ya uchaguzi hakuhudhuria.

Chama chenyewe kilikuwa cha watu wapole. Walimu na wanafunzi walichanga kidogo kila mwezi, na mwenyekiti, mwalimu wa Kidenmaki aliyeitwa Gudrun Holk, alizunguka kwenye karakana za wasanii na vyumba vya maonyesho, akarudi na kazi za watu walio hai: picha za kamera, mabango, michoro ya vitabu. Zilitundikwa kwenye bwalo la chakula wiki nzima ili kila mwanachama aamue moyoni anataka ipi. Kisha, kila mwaka, ilifika jioni ya kugawana. Majina yaliokotwa kutoka kwenye bakuli la supu. Aliyetajwa kwanza alichagua kwanza, akaenda ukutani mbele ya macho ya wote, akaishusha picha yake kwa mikono yake mwenyewe, akapigiwa makofi. Mwaka mmoja ulikuwa wa walimu, mwaka uliofuata wa wanafunzi, na huu ulikuwa wa wanafunzi.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, ya zamani kuliko hata mapazia ya bwalo. Jina la mwenyekiti haliingizwi kwenye bakuli. Yeye huchukua itakayobaki.

Kwa hiyo nyumba ya Gudrun ilijaa vitu ambavyo hakuna binadamu mwingine aliyevitaka. Sebuleni alikuwa na farasi asiye na masikio. Jikoni alikuwa na bango la tamasha la muziki ambalo lilimtaka mtu asimame kichwa chini ili alisome. Wanafunzi walipokwenda kwake kunywa chai walirudi bwenini wakiwa hoi kwa kicheko, na Villads ndiye aliyeongoza kwa kuiga jinsi farasi yule anavyosikiliza.

Mwaka huu aliamua kwamba bahati ya Gudrun isiachiwe bahati.

"Ile ya ukuta," aliwaambia wenzake jioni moja chumbani kwake. Watu walikuwa wamekaa kwenye vitanda, sakafuni na juu ya kikapu cha nguo chafu. "Ile kubwa iliyo karibu na mlango wa jiko. Mmeiona?"

"Ipi? Ile ambayo haina kitu?" aliuliza Sidsel wa bweni la wasichana.

"Hiyohiyo. Mtu amechukua kamera, ya gharama, akapiga picha ukuta. Halafu sisi tumeichukua tukaitundika wapi? Ukutani. Nawaambieni, ukuta wetu wenyewe umeingiwa na wivu."

"Labda alikuwa anampiga picha mjomba wake," alisema mmoja sakafuni.

"Mjomba akaenda kujisaidia," alidakia mwingine.

"Halafu mpiga picha akaipa jina," alisema Villads, akasimama juu ya kitanda na kuweka mkono kifuani. "Inaitwa Agosti. Ndugu zangu, mimi huu mwezi wa Agosti nimeuishi mara kumi na sita, na sijawahi kuuona umepauka hivyo."

Chumba kizima kilicheka. Tøger naye alicheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayengoja kuona kama kuna nafasi ya kukaa. Tøger Lindegaard ndiye aliyelala kitanda cha pili katika chumba kile, kijana mrefu mwembamba, mkimya, aliyependa kurusha vishale kwenye ubao wa mviringo juu ya meza yake na ambaye kwa kipaji cha pekee aliukosa ubao karibu kila mara.

Mpango ulikuwa mwepesi. Yeyote atakayetajwa achukue kitu chochote, lakini asiiguse Agosti. Ibaki hadi mwisho, Gudrun aibebe mwenyewe hadi kwake, ukuta akautundike juu ya ukuta.

"Na atakayeigusa," Villads alitangaza, "ataitwa Fundi Rangi hadi tumalize shule. Hata mbele ya wazazi wake. Hata siku ya harusi yake nitapeleka brashi."

"Mimi sina shida," alisema Sidsel. "Mimi nawataka wale bibi wanaoendesha baiskeli kwenye mvua."

"Na kama mwenye picha atakuja?" aliuliza Tøger. "Kila mwaka hualikwa msanii mmoja."

"Atakuja yule wa samaki. Watu wanaochora samaki hupenda kusafiri. Wewe unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Basi unaapa?"

Tøger alichomoa kishale kwenye plasta ya ukuta, mbali kabisa na ubao. "Naapa," alisema.

Ijumaa ilipofika giza lilikuwa limeshaingia tangu vipindi vya mchana, na mvua ilipiga madirisha kutoka upande wa mlangobahari wa Limfjord. Bwalo lilikuwa limepambwa kwa bendera ndogo za karatasi mezani, kahawa kwenye birika kubwa, na mikate mitamu ya kringle iliyonyunyiziwa sukari na lozi. Waliimba wimbo mmoja kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, kwa sababu hakuna jambo linaloweza kuanza katika nchi ile kabla watu hawajaimba. Kisha Gudrun, akiwa amevaa miwani yake ya njano, akasimama.

"Mgeni wetu mwaka huu," alisema, "ni mpiga picha. Ndiye aliyetuletea Agosti. Karibu, Ragnhild Bruus."

Villads akaongeza kipande cha kringle.

Ragnhild alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta la buluu lililofumwa kwa sufu nzito, na nywele zilizolowa mvua. Kabla hajasema lolote alizunguka meza na kumpa mkono kila mtu, akitaja jina lake, naye akitajiwa. "Ragnhild." "Sidsel." "Ragnhild." "Villads, katibu wa chama, mtumishi wako." Alicheka kidogo kwa hilo. Alipofika kwa Tøger akampa mkono vilevile. "Ragnhild," alisema. "Tøger," alisema Tøger. Wote wawili walikuwa wakiitazama mikono yao.

Hotuba yake haikuwa ndefu. "Watu huniuliza nitoe maelezo," alisema. "Mimi si hodari wa maelezo. Ombi langu ni moja tu. Ukiwa mbele ya picha, tazama hadi uchoke. Ukishachoka, endelea kidogo." Akakaa.

Gudrun akatia mkono kwenye bakuli la supu. Alitoa karatasi, akampa katibu, na katibu akasoma kwa sauti ya kasisi anayefungisha ndoa. Wa kwanza alikuwa Sidsel. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi zake wa baiskeli, watano, kila mmoja na mwavuli wake, wamechorwa kwa mistari michache tu lakini ukaweza kuona yupi ana deni la usingizi na yupi amegombana na mumewe. Makofi. Akafuata mvulana wa mwaka wa pili, akachukua picha ya meli ya mizigo iliyopigwa kutoka juu. Makofi. Mwingine akasimama mbele ya Agosti, akajishika kidevu, akatikisa kichwa kwa huzuni nyingi, akasogea kwenye picha iliyofuata. Mabega yakatikisika meza nzima. Aliyefuata akafanya vivyo hivyo. Ragnhild alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili na kila picha iliposhuka alipiga makofi pamoja na wengine, akikiweka kikombe chini kila mara na kukichukua tena.

"Tøger Lindegaard!" alisoma Villads.

Tøger alikwenda haraka, kichwa chini. Karibu kabisa na Agosti kulikuwa na bango dogo la mnada wa vitu vikuukuu, herufi nyekundu na picha ya birika. Mkono wake ulipita mbele ya Agosti ukalifikia bango lile. Makofi yakapigwa na yakaisha, lakini ya mtu mmoja yakaendelea kidogo. Yalikuwa ya Ragnhild.

Kisha ikawa mapumziko ya kahawa.

Villads hakuwa mtu wa kuacha mapumziko yapotee bure. Aliona wenzake wamekusanyika karibu na birika, akaona ukuta unapungua picha, akaona Agosti imesimama peke yake kama mgeni asiyejua ngoma. Akaenda mbele yake. Akafunga mikono nyuma kama waziri anayekagua gwaride. Akasogeza pua hadi kioo kikapata ukungu. Akarudi nyuma hatua moja, akakunja uso, akapumua kwa nguvu. Nyuma yake alisikia vicheko vikizibwa kwa kringle.

"Ukishachoka, endelea kidogo," alisema kwa sauti ya kuigiza, bila kugeuka, na akaendelea.

Tatizo la kuigiza mtu anayetazama ni kwamba lazima macho uyaweke mahali fulani. Villads aliyaweka chini, kwenye kona. Pale, karibu na sakafu, palikuwa na mabaki ya vibandiko vya watoto: mkia wa dinosau, nusu ya jua. Vilikuwa vimekwanguliwa kwa kucha ndogo na kuachwa vilevile. Juu kidogo palikuwa na mraba uliopauka, kisha mwingine mkubwa zaidi, wa bango, pembe zake nne zikiwa na madoa ya gundi. Juu zaidi kulikuwa na mistatili mingine, na kila mmoja ulikuwa na rangi yake ya njano, kwa sababu kila kimoja kilichokuwa kimetundikwa pale kilikaa muda wake na kuukinga ukuta na jua kwa miaka yake. Akagundua kwamba alikuwa anasoma kwenda juu. Chini mtoto mdogo. Katikati mvulana. Juu, mahali ambapo mkono mrefu tu ungefika, kijana. Ukuta ulikuwa umemkuza mtu, na mtu huyo alikuwa amebandua vyote akaondoka. Agosti. Mwezi ambao shule za bweni hufunguliwa.

Wiki nzima Villads alikuwa amekula uji wa shayiri chini ya picha hii na hakuona hata kimoja cha vitu hivi.

Alikumbuka chumba chake nyumbani kwao, huko Randers. Mama yake alikipaka rangi wiki ile ile aliyoondoka, akaingiza baiskeli ya mazoezi. Hakuona ubaya, chumba ni chumba. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba kuna mtu anaweza kusimama mbele ya madoa ya gundi ya mwanawe na kuona hapa kuna kitu cha kutunzwa, na kwamba akikitunza vizuri, mtu asiyewahi kukanyaga nyumba hiyo angekitazama asitake kuondoka.

Vicheko nyuma yake vilikuwa vimekwisha kuhamia kwenye jambo jingine. Yeye aliendelea kutazama, sasa bila kuigiza.

Ndipo alipoona duara. Lilikuwa upande wa kulia, juu, duara jeupe safi, ukubwa wa sinia. Ndani yake hamkuwa na kitu. Lakini kulizunguka pande zote, kama nzi waliozunguka bakuli la maziwa, kulikuwa na matundu madogo. Mamia. Aliyeyatoboa alikuwa amelenga duara kwa miaka na kwa kipaji cha pekee alilikosa karibu kila mara.

Villads alijua mtu mmoja tu duniani anayerusha vishale namna hiyo. Alilala naye chumba kimoja.

Aligeuka. Upande wa pili wa bwalo Tøger alikuwa ameketi na bango lake la birika mapajani, masikio mekundu hadi shingoni. Ragnhild alikuwa ameketi mwisho wa meza nyingine. Kati yao palikuwa na viti vingi na bendera nyingi ndogo. Walikuwa na pua moja. Sasa alipojua, ilikuwa ajabu kwamba bwalo zima lilikuwa halijaona ile pua.

Hakukuwa na haja ya kuambiwa. Mvulana alimwomba mama yake asionyeshe kwamba anamjua, kama ambavyo wavulana huomba, na mama akakubali, akaendesha gari kwenye mvua, akampa mkono mwanawe kama mgeni na kumtajia jina lake. Kisha akaketi kutazama watoto wa shule nzima wakiukataa ukuta wa chumba cha mwanawe.

"Tuendelee!" aliita Gudrun.

Majina yaliyofuata Villads aliyasoma bila ukasisi wowote. Picha zikashuka moja baada ya nyingine. Moyoni alikuwa akipanga hotuba, ufafanuzi, ajali, hata moto mdogo wa jikoni. Alimtazama kila aliyeinuka kwa macho ya kusihi, nao wakayasoma macho hayo kama ukumbusho wa kiapo na kumkonyeza. Mwishowe zilibaki mbili: Agosti, na bango la samaki, heringi mkubwa wa buluu aliyevaa tai shingoni.

Gudrun akatoa karatasi ya mwisho. Villads akaifungua.

"Nani?" aliuliza Gudrun.

"Villads Krogh," alisoma Villads.

Bwalo likapiga kelele za furaha. Alikwenda ukutani. Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya kutoka meza ya katibu hadi mlango wa jiko, lakini yeye hakutaka fupi, alitaka ndefu. Alisimama kati ya zile picha mbili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuinuka kuelekea Agosti, yeye mwenyewe aliuona.

"Fundi Rangi," alinong'ona mtu nyuma, kwa utamu kabisa.

Mkono wa kulia ukamshusha heringi.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya wote. Sidsel alipiga miguu sakafuni. Villads alirudi kwenye kiti chake na samaki wake, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umegoma.

Gudrun akaenda mwenyewe kuishusha Agosti. Aliishika kwa muda, akaisogeza mbali na miwani yake ya njano, akaisogeza karibu. "Kila mwaka," alisema, "mimi hukaa hapa nikiomba mnibakizie ile ninayoitaka, na kila mwaka mnanibakizia farasi. Mwaka huu sijui nimewatendea wema gani. Asanteni sana wanangu."

Watu wakacheka, lakini kwa kuguna, maana mzaha ulikuwa umefia mikononi mwao. Ragnhild naye alitabasamu, vile mtu anavyotabasamu kwa daktari wa meno anapoambiwa imekwisha. Tøger hakuwepo tena kitini. Alikuwa akibeba vikombe kwenda jikoni, vikombe ambavyo hakuna aliyemwagiza avibebe, baadhi vikiwa na kahawa ya watu ndani.

Wakati wenzake wakikusanya bendera, Villads alikuwa akilikunja bango lake, na lilikataa kukunjika sawasawa. Aliponyanyua kichwa, sweta la buluu lilikuwa mbele yake.

"Heringi mzuri," alisema Ragnhild.

"Ndiyo. Ana tai."

"Nimeiona." Alikaa kwenye ukingo wa meza. "Nisamehe kwa kukusumbua. Nina swali, na wewe ndiye ninayeweza kukuuliza. Wakati wa mapumziko nilikuwa nakutazama. Wenzako wote walipita mbele ya picha yangu kama inanuka. Wewe ulisimama. Nilisema, yule kijana anatazama kweli. Nikajua ukipata zamu utaichukua wewe." Alikuna doa la kahawa kwenye kitambaa cha meza. "Mbona hukuichukua? Sikuulizi kwa ubaya. Kazi yangu, nataka kujua ilishindwa wapi."

Villads alikuwa na majibu mengi ya kila siku, yenye kofia na filimbi. Aliyaacha yote.

"Haikushindwa," alisema. "Ni mimi. Niliwaambia wasiichukue. Ilikuwa mzaha. Tulitaka Gudrun aipate."

"Ahaa. Kwa hiyo mlipatana."

"Mimi ndiye niliyewapatanisha. Niliwakusanya chumbani kwangu. Nilisema atakayeigusa tutampa jina."

"Jina gani?"

"Fundi Rangi."

Ragnhild alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. Kisha akakirudisha. "Na wote walikubali?"

"Wote," alisema Villads, kisha akajirekebisha haraka. "Wote isipokuwa Tøger. Tøger hakujua lolote. Alikuwa na mafua."

Ragnhild alimtazama. Ulikuwa utazamaji wake ule wa kuchoka na kuendelea.

"Sikukuuliza habari za Tøger," alisema.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya maji na vikombe vinavyogongana. Villads alihisi joto likipanda kutoka kwenye kola ya shati hadi kwenye mizizi ya nywele, na akajua kwamba yeye, aliyewacheka watu shule nzima kwa wekundu wa masikio yao, sasa anawaka kama taa ya breki.

"Alijua," alisema. "Aliapa kama wengine. Alicheka pia, lakini mimi ndiye niliyekuwa nachekesha. Hakutuambia kwamba ni wewe, na sisi hatukuuliza ni nani." Alijaribu kunyamaza hapo. Palikuwa mahali pazuri pa kunyamaza, mtu angeweza hata kumsamehe. Lakini yule mama bado alikuwa akitazama, na bango mikononi mwake lilijikunjua polepole hadi heringi na tai yake wakatokea wote.

"Nami nilijua," alisema Villads. "Niliona yale matundu wakati wa mapumziko. Niliposimama pale mara ya pili nilikuwa nimeshajua ni ukuta wa nani, na niliutaka. Nikachukua samaki."